Walikuwa Kanisa Kabla ya Kuwa na Jengo: Hotuba kuhusu Wasaksoni wa Altenburg, Missouri

Hotuba hii ilitolewa St. Louis mbele ya washarika wanaoabudu kwa Kiswahili, kabla ya kikao cha mfuko wa ujenzi. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa kazini na waliokuwa safarini.

Bwana Yesu asifiwe! Bwana Yesu asifiwe sana!

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, wainjilisti, akina mama, vijana wa kwaya mliosimama tangu asubuhi, na ndugu zetu mliovuka mto kutoka Illinois: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa upendo.

Baraza la wazee limenipa muda kabla hatujaingia kwenye hesabu za ujenzi. Nitautumia kuwaeleza habari za kanisa moja la kijijini. Liko Altenburg, wilaya ya Perry, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa ukifuata Mississippi kwenda kusini. Ni kanisa la mawe lenye mnara, linaitwa Utatu, na jengo lake lilikamilika mwaka 1867. Waliolijenga walikuwa wahamiaji kutoka Saksonia, Ujerumani. Walishuka katika nchi hii mwanzoni mwa mwaka 1839.

Sasa nataka mfanye hesabu pamoja nami. Walifika 1839. Jengo lilikamilika 1867. Ni miaka mingapi hiyo? Miaka 28! Mtoto aliyezaliwa njiani alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake siku milango ya kanisa hilo ilipofunguliwa. Je, miaka yote hiyo walikuwa wakifanya nini? Walikuwa wavivu? Walikosa imani? Hapana. Walikuwa wanajifunza kuwa kanisa, na walijifunza kwa machozi. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia leo, kabla mtu yeyote hajaahidi hata dola moja.

Najua mtu anajiuliza: mzee huyu anatuletea Wajerumani wa nini, wakati sisi tuna habari zetu? Nitakujibu. Mwaka 1836, katika jiji la Dresden, Walutheri wa Saksonia walianzisha chama cha misheni. Chama hicho kilihamia Leipzig mwaka 1848, kikaitwa Misheni ya Leipzig. Sisi tuliobatizwa upande wa Kilimanjaro tunalijua jina hilo tangu utotoni, maana ndio waliofika Machame mwaka 1893. Basi wahamiaji wa Altenburg walitoka Dresden hiyohiyo na vijiji vya Saksonia hiyohiyo, miaka miwili tu baada ya chama hicho kuanzishwa. Katekisimu waliyobeba kwenye masanduku yao ndiyo tuliyoikariri kwenye madarasa ya kipaimara. Hawa si watu wa mbali nasi.

Haya. Kwa nini waliondoka kwao?

Saksonia ya siku zile ilikuwa na makanisa mazuri, wachungaji waliosoma, na serikali iliyolipa mishahara yao. Lakini mimbari nyingi zilikuwa zimekauka. Mahubiri yalikuwa ya adabu njema na akili nzuri, na habari ya msalaba ilikuwa imewekwa pembeni. Watu wenye njaa ya Neno walikuwa wakitafuta mahali pa kula. Na palikuwa na mhubiri mmoja Dresden, Martin Stephan, mchungaji wa usharika wa Mtakatifu Yohana. Alikuwa yatima, aliyewahi kufanya kazi ya kufuma kitani, mwenye asili ya Bohemia. Stephan alihubiri toba na neema bila kupindapinda. Wanafunzi wa teolojia waliokuwa wakiteswa na dhamiri zao walimwandikia barua, naye akawajibu kwa Injili, wakapona. Mmoja wao aliitwa Carl Ferdinand Wilhelm Walther. Shikeni jina hilo, tutalirudia.

Ndugu zangu, hapa pana jambo gumu. Mtu huyu aliwasaidia kweli. Asingewasaidia, wasingemfuata. Hatari haikuanza kwa mwongo kusimama mbele yao na kusema uongo. Ilianza kwa mtu aliyewalisha chakula cha kweli, nao wakaanza kuamini kwamba chakula hakipatikani kwingine.

Serikali ilimsimamisha kazi Stephan na kumchunguza. Watu wake waliona hayo ni mateso, wakaamua kuhama. Walianzisha mfuko wa pamoja. Mtu aliuza shamba, mwingine akauza duka, mjane akatoa alichoachiwa, vyote vikaingia mfukoni. Zilipatikana taleri, yaani fedha za Kijerumani za siku zile, zaidi ya 120,000, mali nyingi sana kwa watu wa aina yao. Novemba 1838 merikebu tano zilitoka bandari ya Bremen zikiwa na watu zaidi ya 600: Copernicus, Johann Georg, Republik, Olbers na Amalia.

Zilizofika New Orleans ni nne. Amalia haikuonekana tena. Watu zaidi ya 50, wake kwa waume na watoto, pamoja na mizigo yao, walipotelea baharini na hakuna ajuaye mahali. Inasimuliwa kwamba Walther mwenyewe alikuwa asafiri kwa Amalia, akapanda Johann Georg. Wako humu ndani watu waliopoteza ndugu zao kwenye Ziwa Tanganyika, au njiani wakikimbia vita. Wanajua maana ya kukaa bandarini ukisubiri chombo kisichokuja.

Na angalieni kilichotokea kwenye Olbers. Tarehe 14 Januari 1839, wakiwa bado ndani ya merikebu, wachungaji na viongozi walimfanya Stephan kuwa askofu wao. Mwezi uliofuata, kwenye stima iliyokuwa ikipanda Mississippi, waliwekewa hati ya utii. Waliapa kumtii askofu katika mambo ya kanisa na hata katika mambo ya mali na maisha yao. Wakatia saini! Wanasheria walitia saini. Wachungaji waliosoma Leipzig walitia saini. Mtu aliyetaka kuuliza swali aliambiwa anamtilia shaka mtumishi wa Mungu.

Wangapi hapa wameshawahi kuambiwa maneno hayo? Sitaki mnyooshe mikono.

Walipofika hapa St. Louis hawakuwa na mahali pa kuabudu. Hapo ndipo naomba washarika wanaotumia jengo la kukopa wasikie vizuri. Askofu wa Kianglikana, Jackson Kemper, aliwatangazia waumini wake wa Christ Church kwamba kuna Walutheri wamefika, wamekaa miezi mitatu bila ibada ya hadhara, naye kwa kukubaliana na wazee wake amewapa kanisa siku hiyo kuanzia saa nane mchana hadi jua kuzama. Saa nane mchana hadi jua kuzama! Mnajua saa hizo, sivyo? Ni saa zetu. Wenye nyumba wameshamaliza, kahawa imeshanyweka, ndipo mgeni anaingia na vitabu vyake. Waliobaki mjini waliendelea kuabudu katika chumba cha chini cha kanisa hilo mpaka walipopata jengo lao Desemba 1842. Kwa hiyo mtu asikudharau kwa kuabudu katika chumba cha chini. Watu wa Sinodi ya Missouri, umoja wa sharika za Kilutheri ambao leo una maelfu ya makanisa, walianzia humohumo, katika jiji hilihili.

Kundi kubwa lilikwenda Perry. Walinunua zaidi ya ekari 4,400 kando ya mto. Wakavipa vijiji majina ya nyumbani: Wittenberg, Dresden, Seelitz, Frohna, Altenburg. Walifika wakiwa wamechelewa, msimu wa kupanda ukiwa umewapita. Wengi wao hawakuwahi kushika shoka. Walilala kwenye mahema na vibanda vya matawi. Mvua iliwanyeshea, na kiangazi kilipoingia mbu wa mabondeni wakawaletea homa. Walizika watu karibu kila juma. Sisi watu wa malaria hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Na mfuko wa pamoja? Ulikuwa unaisha. Askofu alikuwa ameagiza majoho na mkufu wa dhahabu wenye msalaba. Nyumba yake ilipaswa kujengwa kwanza, wakati watoto wa washarika wanalowa. Hakuna aliyeruhusiwa kuona hesabu kwa uwazi. Mwezi Mei, baada ya ibada ya Jumapili St. Louis, mwanamke mmoja alikwenda kwa mchungaji Loeber na kuungama kwamba Stephan amezini naye. Akafuata mwingine.

Tarehe 30 Mei 1839 watu walishuka kwa stima kutoka St. Louis hadi Perry. Walimvua Stephan uaskofu. Walimpa njia tatu achague: arudi Ujerumani, apelekwe mahakamani, au avushwe kwenda Illinois. Akachagua Illinois. Wakapekua mizigo yake kutafuta fedha, wakampa mavazi, vyombo vichache na fedha kidogo, na siku iliyofuata wakampakia kwenye mtumbwi. Walimvusha mto, wakamshusha chini ya jabali liitwalo Tanuri la Ibilisi, wakarudi zao. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60. Alikufa mwaka 1846 hukohuko Illinois, akiwa anahudumia kausharika kadogo kalikompokea.

Nimesoma sana habari za siku ile, na nawaambia wazi: sifurahii mtumbwi ule. Alistahili kuondolewa, hilo halina ubishi. Wanawake wale walistahili kulindwa, na fedha za wajane zilistahili kurudishwa. Lakini watu waliompigia magoti jana ndio waliompekua leo, na wote wawili, wa jana na wa leo, walikuwa wamesahau jambo moja: wao wenyewe walikuwa wamebatizwa. Wangeweza kuuliza swali tangu Dresden. Wangeweza kuomba daftari la hesabu kwenye merikebu. Hawakufanya hivyo kwa sababu walidhani kuuliza ni dhambi.

Mkinielewa kwamba nasema tusiwaheshimu wachungaji, mtakuwa hamjanielewa hata kidogo. Mchungaji wangu yuko mbele hapa, nampenda, na namheshimu. Mchungaji anayesomewa hesabu mbele ya watu, na yeye mwenyewe hashiki ufunguo wa sanduku, analindwa. Shetani hamwachi mchungaji kwa sababu ni mchungaji.

Sasa fikirini hali ya wale watu asubuhi ya Juni. Askofu hayupo. Fedha zimekwisha. Makaburi yanaongezeka. Uliacha nchi yako, mama yako akilia, ukasema Mungu ndiye anayeniita, kumbe aliyekuita ni nani? Wengine walisema turudi. Waliokuwa na nauli walirudi. Wachungaji walianza kujiuliza kama kweli ni wachungaji, maana waliacha sharika zao Ujerumani kwa amri ya Stephan. Kama mimi si mchungaji halali, nani alimbatiza mtoto huyu? Nani alitoa Ushirika Mtakatifu jana? Walinyamaza, wakadhoofika. Walther aliugua karibu hadi kufa.

Na katikati ya hali hiyo walifanya kitu ambacho kila nikikifikiria napigwa na bumbuwazi. Walijenga shule!

Vijana watatu waliokuwa wamemaliza teolojia na hawakuwa na kazi, Fuerbringer, Brohm na Buenger, walishika mashoka. Wakakata miti, wakachimba kisima kwa mikono yao, wakasimamisha kibanda cha magogo chenye upana wa futi 16 na urefu wa futi 21. Pimeni ukumbi huu kwa macho. Kibanda chao kingeingia kwenye kona ile ya jikoni. Kikafunguliwa tarehe 9 Desemba 1839, miezi sita baada ya aibu ile. Walipokitangaza gazetini walisema watafundisha dini, Kilatini, Kigiriki, Kiebrania, Kijerumani, Kifaransa, Kiingereza, historia, jiografia, hesabu, fizikia na falsafa. Hayo yote kwenye kibanda cha magogo, porini, kwa wavulana na wasichana wachache, watoto wa watu waliokuwa wakila kwa shida! Mwaka 1849 shule ile ilihamishiwa hapa St. Louis, na ndiyo Seminari ya Concordia mnayoiona mkipita Clayton. Kibanda chenyewe bado kipo Altenburg, kimehifadhiwa. Ukiingia unayaona magogo, na dari ni ya chini.

Kwa hiyo tunaposema tutaanza na jengo, halafu shule ya Jumapili itatafutiwa chumba baadaye, tunakwenda kinyume na watu waliofaulu.

Niwapeleke sasa mwezi Aprili 1841, na hapa nitakaa kidogo, maana ndicho kiini cha habari yote.

Mwanasheria mmoja, Carl Eduard Vehse, alikuwa ameandika tangu Septemba 1839 kwamba washarika wana haki zao, kwamba wachungaji hawakupewa kanisa liwe mali yao. Vehse alirudi Ujerumani, lakini maandishi yake yalibaki yakisomwa. Shemeji yake, Franz Adolph Marbach, naye mwanasheria, alikwenda mbali zaidi. Alisema: sisi si kanisa. Tuliondoka kwa dhambi, tumejengwa juu ya dhambi, hatuna wachungaji, hatuna sakramenti, tutubu na turudi kwetu. Alikuwa mtu mkweli, si mchochezi. Alisema kwa sauti kile ambacho wengi walikiogopa moyoni.

Wakakusanyika Altenburg kumsikiliza, watu wazima wa vijijini, mafundi na wakulima, mikono ikiwa na malengelenge. Aliyesimama kumjibu Marbach alikuwa Walther. Alikuwa na umri wa miaka 29. Wakati wa ugonjwa wake alikaa kwa shemeji yake, mchungaji Keyl, na hapo alisoma vitabu vya Luther kwa miezi. Hakuja na majivuno. Alikubali kwamba wamekosa. Alikubali kwamba walimfanya mtu kuwa sanamu. Hakuficha hata moja.

Kisha akauliza: je, Neno la Mungu linahubiriwa kati yetu? Linahubiriwa. Je, ubatizo upo? Upo. Meza ya Bwana ipo? Ipo. Basi palipo na Neno na sakramenti wapo waamini, na palipo na waamini, hata wawe wachache, hata wawe wamekosea vibaya, kanisa lipo, na lina haki yote ya kanisa. Lina haki ya kumwita mchungaji. Aliyeitwa nalo ni mchungaji kweli. Kundi lililopotoka, alisema, halipaswi kuvunjwa, linapaswa kutengenezwa.

Mnasikia uzito wake? Hawakuwa kanisa kwa sababu ya Stephan, kwa hiyo Stephan alipoondoka hawakuacha kuwa kanisa. Kanisa halikuwa kwenye mkufu wa dhahabu. Halikuwa kwenye hati ya utii. Lilikuwepo pale mama alipomfundisha mtoto wake Baba Yetu kwenye hema linalovuja. Marbach mwenyewe alikiri kwamba hoja zile zimemgusa, kisha akarejea Ujerumani mwaka uleule. Waliobaki walirudi mashambani wakiwa watu wengine. Na waliposhiriki kuunda Sinodi ya Missouri, mjini Chicago mwaka 1847, waliweka kwamba sinodi inashauri tu, haiwezi kuuamuru usharika. Watu walioungua na moto hawachezi na makaa.

Naweza kuishia hapo nikawapendeza wote. Lakini ninyi ni Waafrika na mimi ni Mwafrika, na Missouri waliyofikia Wasaksoni ilikuwa jimbo la watumwa. Katika jiji hili watu weusi waliuzwa kwenye ngazi za mahakama. Mwaka 1846 Dred Scott na mkewe Harriet walifungua kesi ya kudai uhuru wao hapahapa St. Louis. Walther alikuwa akihubiri mitaa michache kutoka hapo. Na mwaka 1863, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ikiwa imepamba moto, aliandika kwamba utumwa wenyewe si dhambi, na kwamba harakati za kuukomesha zinatokana na kutokuamini.

Nalisema hilo kwa huzuni na simpunguzii. Mtu aliyeona kwa uwazi kwamba fundi wa Altenburg hawezi kumilikiwa dhamiri na askofu, hakuona kwamba mtu mweusi hawezi kumilikiwa mwili na mzungu. Hoja aliyokuwa nayo mkononi ilitosha. Hakuitumia. Tunapokea alichofundisha vizuri, na tunakataa hili, wazi, mbele ya watoto wetu. Na watoto wajue pia habari za Rosa Young, mwalimu mweusi wa Alabama, ambaye shule yake ilikuwa inakufa kwa kukosa fedha. Alimwandikia Booker T. Washington, mwalimu mweusi mashuhuri wa siku zile, naye akamshauri awajaribu Walutheri. Mwaka 1916 Walutheri hao wakamtuma mchungaji, na kutokana na kazi ya mama yule zikazaliwa shule na sharika nyingi za watu weusi katika jimbo lile. Mlango aliousukuma ulikuwa umefungwa muda mrefu.

Turudi Altenburg, nimalizie habari ya jengo. Mwaka 1845 walijenga nyumba ya ibada ya mawe, ya kiasi tu, ambayo baadaye ikawa shule. Ndipo 1867 likaja kanisa kubwa. Na katikati yake walipasuka! Mchungaji wao wa pili, Schieferdecker, alianza kufundisha habari za ufalme wa miaka elfu kwa namna ambayo sinodi haikuikubali. Mwaka 1857 alitengwa, na sehemu ya washarika ikaondoka naye wakaanzisha usharika mwingine, Immanuel, katika kijiji hichohicho. Watu waliozika watoto wao pamoja! Schieferdecker alirudi kwenye sinodi miaka ya 1870, lakini usharika wa pili ulibaki. Sina la kulipamba hilo. Mpasuko hutokea hata kwa watu waliojifunza sana.

La mwisho ni lugha, na nalisema kwa wazazi. Wajukuu wa Wasaksoni waliendelea kusema Kijerumani wilayani Perry kwa vizazi, hata miaka hii ya karibuni wamekuwepo wazee wanaokizungumza. Shule zao za kanisa zilifundisha kwa Kijerumani. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, lugha hiyo ikawa kosa. Mwaka 1917 sinodi yenyewe iliondoa neno la Kijerumani kwenye jina lake. Huko Nebraska ilipitishwa sheria ya kuwazuia watoto wadogo kufundishwa kwa lugha ya kigeni, na mwaka 1920 Robert Meyer, mwalimu wa shule ya Kilutheri, alikutwa akimsomesha mtoto wa miaka 10 hadithi ya Biblia kwa Kijerumani. Akatozwa faini ya dola 25. Alikataa kulipa. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1923 akashinda. Haki ya mama wa hapa kumpeleka mwanawe akafundishwe Kiswahili Jumamosi ina mkono wa mwalimu yule ndani yake.

Lakini Wasaksoni hawakubaki na Kijerumani tu. Kiingereza kilikuwa kwenye orodha ya masomo ya kibanda cha magogo tangu mwaka ule wa kwanza, wakati wao wenyewe walikuwa hawakijui vizuri. Kwa hiyo vijana wanaoomba ibada ya Kiingereza mara moja kwa mwezi hawaombi kitu kigeni. Wazee, nawasihi mwape. Na ninyi vijana, njooni na ile ya Kiswahili pia, mkae mbele, muimbe.

Safari ya vijana kwenda Altenburg itakuwa baada ya mavuno. Majina yaandikwe kwa katibu wa vijana, na wazazi wanakaribishwa. Mtaona kibanda, mtaona kanisa la 1867, na mkishuka hadi mtoni mtaona Mississippi aliyovushwa Stephan.

Na sasa ombi langu kwa baraza, nalileta mbele ya wote. Kabla ya ahadi yoyote ya ujenzi, daftari la mfuko lisomwe hapa kwa sauti: kilichoingia, kilichotoka, na aliyeidhinisha. Lisomwe leo na lisomwe kila robo mwaka. Darasa la watoto liwekewe fungu lake kwanza, hata kama jengo litachelewa mwaka mmoja au mitano. Mtunza hazina wetu nimemwona amekuja na daftari lake mkononi. Mama, karibu mbele. Tunakusikiliza.